Waendesha baiskeli wanapita Upare, fedha zisipite nao

Abiria anayepanda basi Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha huifahamu Same kwa kuchungulia dirishani. Huona stendi, wachuuzi walionyanyua maji na matunda, vumbi, na upande wa kulia ukuta mrefu wa Milima ya Upare. Basi likiondoka, Same imekwisha. Wachache hujiuliza kuna nini nyuma ya ukuta ule.

Nyuma yake kuna migomba, kahawa, tangawizi na maharage, kuna shule na makanisa yaliyoanza enzi za Wajerumani, na kuna mtandao wa barabara za udongo na njia za miguu ambao haukuchorwa na mhandisi yeyote. Sehemu kubwa ya njia hizo zililimwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu na jembe. Ni njia za kwenda shambani, gulioni na mazishini.

Njia hizo sasa zimepata wateja wapya. Ni makundi ya watu waliovaa kofia ngumu, wamepanda baiskeli za gia zenye matairi mapana, wakitoka Moshi, Arusha, Dar es Salaam na nchi za nje. Wapo wanaokuja kwa siku mbili tatu na kurudi makwao. Wapo pia wanaosafiri kutoka mguu wa Kilimanjaro hadi Bahari ya Hindi, wakipita Upare, kisha Usambara, na kushukia Pangani. Kwa mwanakijiji anayewatazama, swali ni jepesi: hawa wanatuachia nini?

Nami nilijiunga na kundi moja msimu wa kiangazi. Nilikwenda kama mwendesha baiskeli, lakini mchumi wa kilimo hawezi kuacha kalamu nyumbani.

Mzunguko wenyewe ni mzuri kuliko maelezo. Kutoka Same mjini unafuata barabara ya Kisiwani, milima ikiwa kulia kwako na nyika ya Mkomazi kushoto. Mkomazi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, ina tembo na simba, kwa hiyo huko haukati kona kwa baiskeli kama upendavyo. Huku chini adui mkubwa ni mwiba wa mgunga. Siku ya kwanza tulihesabu pancha saba kabla ya saa sita mchana. Kutoka Kisiwani kupanda Mbaga ni takriban kilometa 16 tu, lakini ni kilometa za kusukuma baiskeli na kuhema. Joto linabaki chini, na unapofika Mbaga unatafuta sweta. Kutoka hapo njia zinapita mgongoni mwa milima kuelekea Mamba, nchi ya tangawizi, kisha mteremko mkali wa kushuka Gonja Maore, na unarudi Same kwa barabara ileile ya chini. Mwenye miguu zaidi anaweza kuutafuta mlima Shengena, wenye zaidi ya mita 2,400, ulio katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Huko kuna kibali na ada ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni vyema mtu akaulize kabla ya kufunga safari.

Siku ya pili, katika kijiji ambacho sitakitaja, ndipo niliposahau uzuri wote huo.

Njia yetu ilikata mfereji wa maji. Wa mbele walishuka na kubeba baiskeli zao. Wa katikati waliona mfereji ni mwembamba, wakapita juu ya ukingo kwa kasi. Wa nyuma wakafuata. Ukingo wa udongo hauwezi kuhimili matairi kumi na tano. Ukabomoka, na maji yakaanza kutiririka kwenye njia badala ya kwenda shambani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisubiri maji kwenye shamba lake la maharage, alipanda haraka na jembe lake. Hakutukana. Alituuliza kama tunajua zamu yake ijayo ni lini. Hatukujua. Ilikuwa baada ya siku nyingi, alisema, na maharage yalikuwa yanatoa maua.

Kwa asiyeijua Upare, huenda jambo hilo likaonekana dogo. Mkulima wa hapa humwagilia kwa utaratibu wa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa mlimani, ambalo hukusanya maji ya chemchemi au kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na maji hugawanywa kwa zamu chini ya kamati. Wanaotumia ndiva huisafisha tope pamoja, na asiyefika kazini hutozwa faini. Ndiva ya Manoo, iliyoko Bangalala upande wa Makanya, imeandikwa sana na watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hivyo anayekosa zamu yake amepoteza mavuno, na mavuno hayo yana bei.

Tulichangishana, tukamkabidhi mama yule fedha, vijana wawili wa kundi wakasaidia kuziba ukingo. Hata hivyo, kiasi tulichotoa kilitokana na aibu yetu tu, hakuna aliyepiga hesabu ya hasara. Hapakuwa na mtu wa kijiji aliyejua kuwa tunakuja, wala kanuni ya kusema tupite wapi na tulipe nini. (Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Nadhani mama yule alituhurumia.)

Sasa tupige hesabu, na niseme wazi kuwa hizi ni namba za mfano. Tuseme kundi la watu 30 linakuja kwa siku tatu, na kila mmoja amemlipa mwandaaji shilingi 300,000. Hizo ni shilingi milioni 9. Kama maji, mikate, nyama, mahema na mpishi vyote vimepakiwa kwenye gari huko Moshi, kijiji kitaambulia malipo ya kijana mmoja wa kuonyesha njia na soda chache. Lakini tuseme kila mwendesha baiskeli analala vijijini usiku mara mbili kwa shilingi 10,000, anakula milo sita kwa shilingi 5,000 kila mlo, na analipa ushuru wa njia shilingi 10,000. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa mtu, au 1,800,000 kwa kundi zima. Ongeza waongoza njia wanne kwa siku tatu, kila mmoja shilingi 25,000 kwa siku, unapata 300,000 nyingine. Jumla ni shilingi 2,100,000. Hata robo ya milioni 9 haijafika, na mwandaaji bado anabaki na fedha za gari, bima na faida yake. Sioni atalalamika nini.

Fedha hizo zina sifa nyingine ambayo mkulima anaielewa haraka. Tangawizi hukaa shambani miezi minane hadi kumi, na siku ya kuuza bei humkuta mkulima mikono mitupu, kwani ameshakopa. Mlo wa mwendesha baiskeli hulipwa siku hiyohiyo. Aidha, chakula kinachomfaa mtu aliyepanda mlima siku nzima hakihitaji kuagizwa mbali. Makande, chakula ambacho nchi nzima hututambua nacho, yanashibisha kuliko biskuti zozote za kwenye pakiti. Ndizi zipo, mayai yapo, chai ya tangawizi ipo. Nilishangaa kuona kundi letu likinywa juisi ya boksi pale Mamba, katikati ya mashamba ya tangawizi na miwa.

Jambo hili si geni Upare. Mwaka 1995, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ulianzishwa mpango wa utalii wa utamaduni nchini, na Upare, Kaskazini na Kusini, ilikuwamo. Wageni walitembezwa kwa miguu Mbaga kuona mapango ya Mghimbi na jiwe la Malameni, na sehemu ya malipo yao ilitengwa kwa ajili ya miradi ya kijiji. Kilichobadilika ni kwamba mtembea kwa miguu hana budi kulala na kula kijijini, wakati mwenye baiskeli anaweza kupita vijiji vitano kwa siku bila kumsalimia mtu.

Wenzetu wamepata njia zao. Kenya kuna mashindano ya 10to4 katika Mlima Kenya, yanayoandaliwa na Mount Kenya Trust, na mapato yake huelekezwa katika kuulinda mlima huo. Kwetu, baiskeli zinaruhusiwa katika njia ya Kilema ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, na Lushoto imekwisha kujijengea jina kwa wageni wa baiskeli. Msafara mkubwa wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, hukatiza Tanzania kupitia Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, kwa hiyo Same haimo. Binafsi sioni hasara. Msafara mkubwa hubeba kila kitu chake, ilhali kundi la watu 20 au 30 linaweza kulishwa na akina mama wa kijiji kimoja bila kununua sufuria mpya.

Waandaaji nao wanahitaji kuijua kalenda ya milima hii. Wamisionari wa Kisabato walifika Giti, Mamba, mwaka 1903, na hadi leo viko vijiji ambavyo Jumamosi hupati duka lililo wazi wala mtu wa kukupikia kwa malipo. Jumapili ni zamu ya Walutheri na wengineo. Nimeona tangazo la safari ya "wikiendi Upare" nikacheka peke yangu. Anayetaka kuuziwa chakula apange Jumatatu hadi Alhamisi, au alipe na kupanga mapema. Vilevile masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa milimani hunasa tairi na kila kundi linalopita huacha mtaro ambao mvua inayofuata huugeuza korongo. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kazi hii.

Kisheria vijiji havikosi meno. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaviruhusu kutunga sheria ndogo. Ushuru wa njia wenye stakabadhi, orodha ya njia zinazoruhusiwa, mahali pa kushuka na kubeba baiskeli, na fidia ya mfereji, vyote vinaweza kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa halmashauri ili vithibitishwe. Ugumu upo katika kugawana, kwa sababu njia moja hupita vijiji vitatu na kila kimoja kilitoa msaragambo. Lakini watu wanaogawana maji ya ndiva moja kwa zamu, wa juu na wa chini, hawawezi kushindwa kugawana stakabadhi. Ningependa kamati ya ndiva ndiyo ishike kitabu. Inajua kutoza faini, na inaogopwa.

Siku ya tatu, tukishuka kuelekea Gonja, mnyororo wangu ulikatika. Fundi baiskeli niliyemkuta barabarani ni hodari. Mbele ya macho yangu alinyoosha rimu ya Phoenix kwa mawe mawili na spana. Mnyororo wangu hakuuweza, kwa kuwa wa baiskeli ya gia ni mwembamba na hakuwa na pingili zake. Tyubu za inchi 26 alikuwa nazo, za inchi 29 hapana. Alinikokotea baiskeli hadi kwa dereva wa bodaboda, akakataa malipo kwa kuwa hakutengeneza kitu, kisha akatoa kipande cha boksi akaniomba nimwandikie jina la kifaa cha kufungulia mnyororo ule, na bei yake Moshi. Nilimwandikia, na nilimtumia kimoja kwa basi wiki iliyofuata. Pingili atanunua mwenyewe, alisema, akishajua makundi yanapita lini.