Difu ya Kati na Tope la Kasongo

Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare haikai katika hali moja kwa muda mrefu. Kilimani udongo mwekundu umekauka, gari linapita kama kwenye saruji. Ukishuka bondeni, magurudumu ya malori yamechimba mifereji ya tope, na mvua ya kuanzia Oktoba hadi Aprili haiipi nafasi ya kukauka. Barabara hii inataka dereva anayejua kuna nini ndani ya transfa yake, sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Nazungumzia Land Rover 110, gari lililotoka mwaka 1983, na Land Cruiser za mfululizo wa 80 zilizoanza kuuzwa mwaka 1990. Kwenye 110 injini inavuta magurudumu yote manne wakati wote, yaani foowili ya kudumu. Land Cruiser nyingi za 70 ni habari nyingine: pale dereva mwenyewe ndiye anayeingiza ekseli ya mbele. Baadhi ya zile za 80 nazo zilitengenezwa hivyo, basi lijue gari lako kwanza.

Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ekseli mbili zikifungwa pamoja juu ya ardhi ngumu, tofauti hiyo haina pa kwenda. Shafti zinasokotwa, usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, na mwisho kitu kinavunjika. Ndiyo sababu, mbali na difu ya kila ekseli, ndani ya transfa kuna difu ya tatu, difu ya kati, inayoziacha mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Lakini difu haiwezi kuupa upande mmoja msukumo mkubwa kuliko ule unaopokelewa na upande wa pili. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, linazunguka bure na matatu yanatulia. Abiria wanashuka, fundi anaambiwa foowili imekufa. Haijafa, ila difu ya kati haijafungwa.

Ifunge kabla ya kuingia topeni. Kwenye 110, unausogeza mkono wa transfa kando huku gari likitambaa moja kwa moja. Kwenye 80 zenye foowili ya kudumu, kuingiza gia nzito za transfa kwa kawaida huifunga difu yenyewe. Ukirudi kwenye udongo mgumu, ifungue. Taa ya difu kwenye dashibodi ikikataa kuzima, usilazimishe mkono: rudi nyuma taratibu mita chache, shafti zijilegeze. Na hata ikiwa imefungwa, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma bado yanaweza kuteleza pamoja, kwa sababu difu za ekseli zenyewe ziko wazi. Koleo na mbao havibaki nyumbani.

Ukiifunga difu na taa yake isiwake, usikimbilie kufungua transfa. Huenda ni balbu au swichi tu. Weka mawe kwenye magurudumu, acha gia kwenye nyutro, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Difu ikiwa wazi, litazunguka. Ikiwa imefungwa kweli, litacheza kidogo tu na kugoma. Likiendelea kuzunguka, angalia kwanza vyuma vya nje vinavyounganisha mkono na transfa. Kwenye magari makuukuu vyuma hivi hukamatwa na kutu na tope, hasa pale dereva anapopitisha kiangazi kizima bila kuifunga difu hata mara moja. Mafuta ya kupenya na uvumilivu huponya zaidi ya spana. Ningemsihi kila mwenye gari aifunge na kuifungua mara kwa mara kwenye mchanga, hata kama hana haja nayo.

Tairi nazo zinahusika. Ukifunga mpya mbele na zilizolika nyuma, difu ya kati itafanya kazi hata kwenye njia iliyonyooka, saa baada ya saa, na itachemka.

Kisha maji. Difu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya kijito kimojawapo kinachokwenda mto Luama, hewa ndani yake husinyaa na kuvuta. Kama tundu la kupumulia limezibwa na tope, maji hupenya kwenye sili. Safisha matundu hayo, na ukishavuka kina kirefu legeza bolti ya mafuta ya difu na ya transfa: mafuta yaliyogeuka meupe kama maziwa hayafai kuendelea na safari ndefu.

Shafti ya ekseli ya nyuma ikikatika, 110 haisogei kabisa, kwa kuwa difu ya kati inaizungusha iliyokatika. Funga difu ya kati, na ekseli ya mbele italivuta gari. Kama iliyovunjika ni propela ya nyuma, shafti inayotoka kwenye transfa hadi ekseli hiyo, fungua bolti nne kila upande, uitoe, kisha, difu ya kati ikiwa imefungwa, nenda polepole bila kukanyaga mafuta ukiwa umekata usukani. Ila breki ya mkono ya 110 hushika shafti ya nyuma kwenye transfa, haishiki magurudumu. Propela ikishatolewa na difu ikafunguliwa, breki hiyo haizuii kitu, kwa hiyo kila utakaposimama kilimani, weka mawe kwenye tairi kabla hujashuka.