Safari ya Kitufe Ndani ya Linux: Kupanga Mikato ya Kibodi na Kutafuta Hitilafu Zake (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza kwa nini Linux inazifaa kompyuta za mtumba zinazotumika katika steshenari, shule na ofisi ndogo za mkoa wetu wa Singida, kisha tukaonyesha namna ya kuisimika bila kupoteza mafaili ya zamani. Leo tunaingia katika mikato ya kibodi, yaani kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja ili kompyuta itekeleze jambo ambalo vinginevyo lingehitaji kusogeza mshale, kufungua orodha na kubofya mara kadhaa.

Wako watakaosema hili ni jambo la mbwembwe tu. Ninawaomba wafikirie laptopu iliyokwishatumika miaka mingi Ulaya kabla ya kufika Manyoni au Nduguti, ambayo kibao chake cha kugusa kimechoka na mshale unarukaruka. Wamfikirie mchapaji aliyekatikiwa na umeme katikati ya mtihani wa kidato cha pili huku betri ikiwa na dakika chache za uhai. Wamfikirie pia mtu anayetumia mkono mmoja, au asiyeona vizuri kiasi cha kuufuata mshale. Kwa watu hawa mkato wa kibodi ndio unaoamua kama kazi itafanyika au haitafanyika.

Tatizo ni kwamba mkato unapogoma, wengi wetu hukimbilia kuilaumu kibodi au kusimika mfumo mzima upya. Hatua zote mbili hugharimu fedha na muda, na mara nyingi hazihitajiki. Kila hitilafu ya mkato ina mahali ilipo, na mahali hapo panatafutika kwa utaratibu.

Vituo vinne vya njiani

Chukua mfano wa mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Kiomboi. Utapita Dodoma, Manyoni, Ikungi, Singida mjini na Iguguno, kisha utashushwa Misigiri na kuiacha barabara kuu. Usipofika Kiomboi, mwenye busara haagizi mzigo mwingine. Anauliza kituo kwa kituo, ulionekana wapi mara ya mwisho.

Kitufe nacho husafiri hivyo. Kituo cha kwanza ni kibodi yenyewe na keneli, kiini cha Linux, ambacho hupokea namba ya kitufe kilichobonyezwa. Kituo cha pili ni mpangilio wa herufi, unaoamua kwamba namba ile ni «a», «@» au alama nyingine. Kituo cha tatu ni mazingira ya kioo, kama GNOME, KDE, Cinnamon au XFCE, ambayo huangalia kwanza kama mchanganyiko huo wa vitufe ni amri yake. Ukiwa amri yake, safari inaishia hapo. Usipokuwa wake, unapelekwa kituo cha nne, yaani programu uliyoifungua: LibreOffice, Firefox au terminali, dirisha la kuandikia amri.

Mpangilio huu unaeleza mambo mengi yanayowashangaza watu. Alt na Tab hubadilisha madirisha popote ulipo kwa sababu amri hiyo inakamatwa kituo cha tatu. Ctrl na S hutegemea programu kwa sababu inafika kituo cha nne. Ndani ya LibreOffice inahifadhi waraka, lakini ndani ya terminali inasimamisha maandishi yasiendelee kutiririka, desturi iliyorithiwa kutoka mashine za zamani za kuchapa kwa waya. Anayedhani terminali imekufa anaweza kubonyeza Ctrl na Q, na maandishi yataendelea. Ndani ya terminali hiyohiyo Ctrl na C inakatisha amri inayoendelea, kwa hiyo kunakili kunahitaji Ctrl, Shift na C.

Kupanga mkato wako

Mikato michache huja tayari. Katika Ubuntu, Ctrl, Alt na T hufungua terminali. Super na L hufunga kioo ili mteja mwingine asisome waraka wa mwenzake. Alt na F4 hufunga dirisha. Super ni kile kitufe chenye nembo ya Windows. Kitufe cha Print hupiga picha ya kioo, na tangu GNOME 42 ya mwaka 2022 kinakuruhusu kuchagua kipande cha kioo au kurekodi video.

Faida kubwa, hata hivyo, iko katika mikato unayoitunga mwenyewe kwa kazi yako. Tuseme ofisi ina kiolezo cha barua chenye anwani na nembo, nawe unataka Super na B ikifungue papo hapo. Katika GNOME fungua Settings, ingia Keyboard, kisha View and Customize Shortcuts, na ushuke hadi Custom Shortcuts. Weka jina, weka amri, halafu bonyeza vitufe unavyovitaka. Amri yenyewe itakuwa hivi:

libreoffice /home/ofisi/violezo/barua.ott

Faili la aina ya ott likifunguliwa hutoa waraka mpya kila mara, hivyo kiolezo hakifutwi wala kuandikwa juu yake. Katika XFCE, ambayo ni nyepesi na ninaipendekeza kwa mashine zenye kumbukumbu ndogo, mikato inapangwa sehemu mbili. Ile ya kufungua programu iko chini ya Keyboard, kwenye Application Shortcuts. Ile ya kusogeza na kukunja madirisha iko chini ya Window Manager. Anayeangalia sehemu moja tu atahangaika kutafuta mkato ambao uko sehemu nyingine.

Kuna mtego mmoja wa kukumbuka. Amri unayoiandika katika GNOME haipiti kwenye ganda la amri kama inavyopita ukiiandika katika terminali. Alama ya ~ inayomaanisha folda yako ya nyumbani haitatafsiriwa, na amri mbili zilizounganishwa kwa && hazitaeleweka. Andika njia nzima ya faili kuanzia /home, au izungushie amri yako hivi: sh -c "amri yako". Kabla ya yote, ijaribu amri katika terminali. Ikishindwa huko, hakuna mkato utakaoiokoa.

Kutafuta hitilafu kituo kwa kituo

Anza kituo cha kwanza. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, nawe utapelekwa kwenye kioo cheusi cha maandishi matupu, nje kabisa ya mazingira ya kioo. Chapa kitufe unachokishuku pale panapoombwa jina la mtumiaji. Herufi ikitokea, kibodi ni nzima. Kurudi, bonyeza Ctrl, Alt na F2, au F1 katika baadhi ya mifumo. Kwa vitufe visivyotoa herufi, kama vya sauti na mwanga, tumia amri sudo evtest, ambayo huonyesha kila kitufe keneli inachokipokea. Kisipoonekana hapo, hitilafu ni ya kibodi, waya wake, au kitufe cha Fn. Fn ya laptopu mara nyingi hushughulikiwa na mashine yenyewe kabla Linux haijajua lolote, hivyo huwezi kuitungia mkato kama vitufe vingine. Katika laptopu nyingi, kubonyeza Fn na Esc hugeuza namna safu ya F1 hadi F12 inavyofanya kazi.

Hapo hapo kagua NumLock. Laptopu ndogo za zamani huzigeuza herufi u, i, o, j, k na l kuwa tarakimu NumLock ikiwaka, na mwenye mashine akadhani imeingiliwa na virusi.

Kituo cha pili ni mpangilio wa herufi. Mashine nyingi za mtumba zina kibodi ya Uingereza ilhali mfumo umewekewa mpangilio wa Marekani. Katika ule wa Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu. Katika ule wa Marekani hutoa @. Mchapaji anayeshindwa kuandika anwani ya barua pepe ya mteja hana kibodi mbovu, ana mpangilio usiolingana na maandishi ya vitufe. Katika mifumo inayotumia Xorg (tofauti yake na Wayland inaelezwa hapa chini), amri setxkbmap -query itakuambia mpangilio unaotumika. Katika GNOME, Super na mwambaanafasi huhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, na wengi huubadilisha bila kukusudia.

Kituo cha tatu ndiko migongano mingi inakotokea. Mchanganyiko mmoja ukidaiwa na amri mbili, moja itakosa. Ukitaka kujua nani anaishikilia Super na B katika GNOME, andika katika terminali:

gsettings list-recursively | grep -i "<super>b"

Njia nyingine ni programu iitwayo xev kwa mifumo ya Xorg, au wev kwa ile ya Wayland. Hufungua dirisha dogo linalotangaza kila kitufe kinacholifikia. Ukibonyeza herufi ya kawaida utaona tangazo la KeyPress. Ukibonyeza mkato wako na KeyPress ya herufi ya mwisho isitokee, ilhali evtest iliiona, basi umekamatwa njiani na mazingira ya kioo. Ikitokea, basi mazingira ya kioo hayautambui kabisa, na kosa liko katika namna ulivyousajili.

Tofauti ya Xorg na Wayland inastahili kuzingatiwa. Katika Xorg, mfumo uliotokana na kazi iliyoanza chuo cha MIT mwaka 1984, programu yoyote inaweza kusikiliza vitufe vyote. Wayland imezuia hilo kwa usalama, ili programu moja isichungulie neno la siri unaloandika katika nyingine. Matokeo yake ni kwamba zana za zamani kama xbindkeys na xdotool hazifanyi kazi humo ipasavyo, na maelekezo uliyonakili kutoka kitabu cha zamani yanaweza kushindwa bila kosa lako. Ubuntu imekuwa ikitumia Wayland kama chaguo la kwanza tangu toleo la 21.04. Amri echo $XDG_SESSION_TYPE itakuambia uko wapi.

Ukiwa hujui ulichokibadilisha, fungua akaunti mpya ya mtumiaji na ujaribu mkato humo. Ukifanya kazi, tatizo limo katika mipangilio ya akaunti yako ya zamani, na kitufe cha Reset All katika ukurasa wa mikato kitairudisha ilivyokuwa. Hakuna haja ya kusimika upya.

Kituo cha nne ni programu. LibreOffice ina ukurasa wake wa mikato chini ya Tools, kisha Customize, kisha Keyboard.

Kiswahili na lugha zetu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 nayo ina tafsiri ya Kiswahili. Anayeitumia ajue kwamba mikato iko ya aina mbili. Ile ya Ctrl haibadiliki ukihama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili: Ctrl na P itachapisha vilevile. Ile ya Alt hufuata herufi iliyopigiwa mstari katika jina la orodha, kwa hiyo Edit ikishakuwa Hariri, Alt na E haina tena pa kushika. Mwalimu anayefundisha darasa lenye mashine za lugha mbili alieleze hili mapema, kabla wanafunzi hawajakata tamaa.

Lugha nyingine za mkoa nazo zina haki ya kuandikwa. Kinyaturu kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, na herufi kama ɨ na ʉ, zinazotumiwa na waandishi wa Kirangi jirani zetu wa Kondoa, hazimo katika vitufe vya kawaida. Katika LibreOffice andika 0268 kisha bonyeza Alt na X, utapata ɨ. 0289 itakupa ʉ. Katika programu nyingi za GNOME bonyeza Ctrl, Shift na U, andika namba hiyohiyo, kisha Enter. Anayekusanya methali au hadithi za wazee wake hahitaji kungoja kibodi maalumu itengenezwe.

Kwa wenye kuhudumia wengine

Katika Settings, chini ya Accessibility, kuna mambo mawili ambayo kila steshenari na shule ingefaa iyajue. Sticky Keys humwezesha mtu kubonyeza Ctrl, kuiachia, kisha kubonyeza C, badala ya kuvishika kwa pamoja. Kwa mwenye mkono mmoja hiyo ni milki kamili ya kompyuta. Mouse Keys hugeuza tarakimu za upande wa kulia wa kibodi kuwa kipanya: 8, 2, 4 na 6 husogeza mshale, 5 hubofya.

Mwisho, weka daftari. Andika kila mkato ulioutunga, amri yake, mashine ilipo, na mazingira ya kioo yanayotumika. Walimu huhamishwa kutoka Ikungi kwenda Iramba, vijana wa steshenari hupata kazi mijini, na anayebaki hukuta mashine inayoitikia vitufe asivyovijua. Mipangilio yote tuliyoieleza inaonekana, inasomeka na inabadilika, lakini anayeipokea asipopewa maelezo atarudia kuilaumu kibodi.

Sehemu ya nne itahusu printa: namna Linux inavyoitambua, na kwa nini kazi ya kuchapisha hukwama kwenye foleni.