Picha na Michongo katika Somo la Jamii

Mara nyingi picha hutundikwa ukutani mwa darasa ikabaki kuwa pambo tu. Sisi twaona kuwa picha ni somo kamili, iwapo mwalimu ataitumia kwa utaratibu.

Tuchukue mfano wa Urusi. Kati ya 1870 na 1873 Ilya Repin alichora wanaume 11 wakikokota chombo kwa kamba kandokando ya Mto Volga. Aliwaendea watu hao, akawafahamu. Ndiyo maana nyuso zao hazifanani. Kijana mmoja katikati ameinua kichwa na kushika mkanda wake kana kwamba anaukataa. Kwa mbali huonekana meli ya moshi: mashine ipo, lakini mgongo wa binadamu ndio utumikao. Naye Nikolai Gogol, katika tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza 1836, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, atuchekesha kwa wakubwa wa mji wanaomdhania mpita njia kuwa mkaguzi. Kicheko hicho chafichua rushwa yao.

Hapa Ufukoni tunao mpingo wa Wamakonde, ambao wachongaji wao wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Katika mtindo uitwao ujamaa, watu wengi hushikana na kubebana katika gogo moja.

Ndugu mwanachuo, fuata hatua tatu. Kwanza, wanafunzi watazame kimya, kisha wataje wanachokiona tu. Pili, waulize: nani amebeba, nani amebebwa, nani hayumo? Tatu, walinganishe na maisha wayajuayo, kama vile kazi ya wapagazi wa magunia ya korosho au ya wavuvi wanaopandisha mashua pwani. Kisha wachore au waandike yao.

Lakini tujihadhari. Mchongo wa ujamaa si ushahidi kwamba kila kijiji kiliishi kwa umoja. Michongo mingi ilichongwa mbali na kwao, ikauzwa kwa wageni. Vivyo hivyo, picha ya Repin si Urusi yote. Msanii huchagua, nasi hatuna budi kuuliza kwa nini alichagua hivyo.

Mwalimu atoaye jibu kabla ya swali huwanyima watoto macho yao. Mtoto wa mpagazi akiona kazi ya baba yake yastahili kutazamwa darasani, amekwisha jifunza heshima ya kazi kuliko kwa hotuba yoyote.