Unakoroma na kukatika pumzi? Chagua barakoa kabla ya mashine

Mke ndiye aliyemleta mumewe kliniki. Bwana huyo ni dereva wa lori la makontena, mkazi wa Changamwe, umri wake miaka 48, mnene wa shingo na mcheshi wa maneno. Alipoketi tu kitini, alianza kusinzia.

"Daktari," akasema mkewe, "Baba Khadija akilala hufa, kisha hufufuka. Mimi hukaa macho nikihesabu."

Mume akazinduka, akacheka. "Usimsikize, daktari. Mama Khadija anatia chumvi. Huu ni uchovu wa barabara ya Nairobi tu."

Mama Khadija hakutia chumvi. Tena alikuwa na jambo jingine la kueleza. Chini ya kitanda chao mlikuwa na mashine ya kupumulia iliyotumwa na ndugu wa mumewe aliyeko Dubai, ambaye naye aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Baba Khadija aliivaa siku nne. Siku ya tano aliisukuma chini ya kitanda na kusema kwamba afadhali kukoroma.

Msomaji, nimekisimulia kisa hiki kwa sababu si cha mtu mmoja. Wagonjwa wengi huja kwangu wakiuliza, "Daktari, mashine gani ni nzuri?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ni barakoa gani utakayoweza kulala nayo kila siku, katika chumba chako mwenyewe, pamoja na joto letu na stima yetu?

Maradhi yenyewe

Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine, hasa wanene au wenye shingo nene, koo hujifunga kabisa. Kifua kinahangaika kuvuta hewa, lakini hewa haipiti. Hali hii, iitwayo apnia ya usingizini, huhesabiwa pale pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kisha ubongo hushtuka, mgonjwa hukoroma kwa kishindo, na mambo huanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote ila anaamka na kichwa kizito na kinywa kikavu.

Kipimo cha usingizi huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana. Mara 5 hadi 14 ni hali nyepesi. Mara 15 hadi 29 ni ya wastani. Mara 30 na zaidi ni kali. Mtu akiachwa hivyo kwa miaka, presha hupanda na kukataa kushuka kwa dawa, na moyo huchoka. Isitoshe, kwa dereva kuna hatari ya karibu zaidi: kusinzia kwenye usukani akiwa na kontena nyuma yake. Muguka na kahawa huficha usingizi kwa muda tu. Havifungui koo.

Jiulize: Je, unakoroma hata mtu wa chumba cha pili anasikia? Umechoka mchana kutwa? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Una presha? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume, au mnene sana? Ukijibu ndiyo mara tatu au zaidi, usinunue kitu bado. Nenda ukapimwe.

Unaweza kuanzia hospitali iliyo karibu nawe, kwa mfano Port Reitz kwa walio Changamwe, au ile ya Likoni kwa walio ng'ambo ya kivuko, ili upimwe presha na sukari na uandikiwe barua ya kumwona daktari wa koo au wa mapafu. Huyo ndiye atakayekuelekeza kwenye kipimo cha usingizi, ambacho siku hizi mara nyingi chaweza kufanyika ukiwa umelala nyumbani kwako.

Hii si mashine ya mahututi

Tangu mwaka wa 2020, wakati wa korona, maneno "mashine ya kupumulia" yanawatisha watu. Wengi hudhani ni ile ya chumba cha mahututi. Sivyo. Mashine tunayoizungumzia, ambayo madaktari huiita CPAP, haipumui badala yako wala haitoi oksijeni. Ni kipepeo kidogo kinachosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia bomba la mpira hadi kwenye barakoa. Msukumo huo hulizuia koo lisijifunge, kama vile upepo unavyoujaza mfuko ukabaki wazi. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyeandika juu yake mwaka wa 1981.

Msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, aghalabu kati ya 4 na 20. Kuna mashine za msukumo mmoja usiobadilika, na kuna zinazojirekebisha zenyewe usiku kucha kulingana na koo lako. Zote mbili hutibu. Ya kujirekebisha huwafaa wengi wanaoanzia nyumbani, mradi daktari aipangie kiwango cha chini na cha juu. Walio na maradhi makubwa ya moyo au mapafu wasijichagulie. Huenda wakahitaji aina nyingine kabisa.

Barakoa tatu

Ya kwanza hukaa kwenye matundu ya pua tu. Ni nyepesi, na huwafaa wenye ndevu au masharubu, wanaovaa miwani kitandani, na wanaoona dhiki wakifunikwa uso. Msukumo ukiwa mkubwa, huweza kuumiza pua.

Ya pili hufunika pua yote. Hii ndiyo ninayopenda mgonjwa aanze nayo. Watu wengi huizoea kuliko ile kubwa, nayo haivuji sana.

Ya tatu hufunika pua na mdomo. Ni ya wale ambao pua zao zimeziba kweli kweli. Ubaya wake ni kwamba huvuja kwa urahisi, hasa juu ya ndevu, na mara nyingi hudai msukumo mkubwa zaidi. Basi kabla ya kuichagua, tibu pua kwanza. Wakazi wengi wa karibu na barabara za malori wana mafua ya vumbi yanayotibika. Mtu asiyeweza kuivua mwenyewe, au anayetapika, asivae barakoa hii.

Unapojaribu barakoa, usiijaribu ukiwa umesimama dukani. Lala chali, mashine iwashwe kwa msukumo uleule ulioandikiwa, kisha geuka kulia na kushoto kwa muda wa robo saa hivi. Ukisikia upepo machoni, saizi siyo. Usikaze mikanda ili kuziba uvujaji. Kidole kiweze kupita chini ya mkanda. Barakoa iliyokazwa huacha vidonda juu ya pua, na mgonjwa mwenye kidonda hataivaa kesho. Matundu madogo yaliyo mbele ya barakoa ni ya kutolea hewa uliyokwisha kuitumia. Usiyazibe kamwe.

Barakoa nyingine hufungwa kwa sumaku. Ikiwa wewe, au unayelala naye, ana kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani au vyuma fulani mwilini, mwambie daktari kabla ya kununua.

Mwisho, uliza kama ule mto wa silikoni unaogusa uso unauzwa peke yake, na kwa bei gani. Huchakaa. Barakoa nzuri isiyo na vipuri haitakufikisha mbali.

Mashine ya kutumiwa na ndugu

Sasa turudi kwenye zawadi ya Dubai. Nina heshima kubwa kwa ndugu zetu walio ng'ambo wanaotukumbuka. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mashine ya Baba Khadija ilikuwa imewekwa msukumo wa 14, kipimo cha koo la mtu mwingine. Barakoa ilikuwa kubwa ya pua na mdomo, naye ana ndevu. Haikuwa ajabu kwamba alikesha akipigana na upepo.

Kuna la kuogofya zaidi. Mwezi Juni 2021, kampuni ya Philips ilitangaza kuondoa matumizini mamilioni ya mashine zake duniani, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza. Sababu ni kwamba sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani iliweza kumomonyoka, chembe au gesi zake zikaingia katika hewa anayovuta mgonjwa. Ilielezwa kuwa joto jingi na unyevu mwingi huzidisha hali hiyo, pamoja na kusafisha mashine kwa gesi ya ozoni. Joto na unyevu, msomaji, ndiyo Mombasa yetu hiyo.

Kwa hivyo ukiletewa mashine iliyotumika, soma jina na namba iliyo chini yake na uhakikishe kwamba haimo katika orodha hiyo. Mwombe fundi akuonyeshe imefanya kazi saa ngapi. Daktari aipange upya kwa kipimo chako. Chujio, bomba na barakoa viwe vipya. Usivae barakoa ya mtu.

Chumba chako na stima yako

Hapa ndipo matangazo ya wauzaji yanaponyamaza. Mashine nyingi za leo hukubali stima ya volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani huweza kutumika hapa kwa kubadilisha plagi. Hata hivyo, soma kibandiko cha chaja kwanza.

Stima ikipotea usiku hutakosa hewa. Barakoa kubwa ina kilango kinachofunguka chenyewe, na ukivaa ya pua utapumua kwa mdomo. Lakini matibabu yamekatika. Anayekaa mtaa unaopotezwa stima mara kwa mara afikirie betri. Mashine nyingi, bila kuchemsha maji, hutumia wati 30 hivi. Kwa muda wa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake tu ili usiiharibu, unapata siku mbili za kulala. Uliza mashine inataka volti 12 au 24, ununue kiungo chake halisi, na betri ya maji uichaji mahali penye hewa, si chumbani.

Kuhusu chombo cha kutia unyevu, wauzaji hukisifu sana. Katika nchi za baridi ni muhimu. Hapa pwani, wengi wetu tunaolala na feni hatukihitaji, na bila hicho umeme hupungua. Anayelala kwenye kiyoyozi au anayekaukwa pua anaweza kukitumia. Tia maji yaliyokenekwa kutoka duka la dawa, na umwage yaliyobaki kila asubuhi. Maji ya visima vya Kisauni na Likoni, yenye chumvi, yasiingie humo.

Mashine ikae juu ya kimeza, mbali na vumbi la sakafu, na bomba lipite chini ya ukingo wa neti ya mbu. Kila asubuhi pangusa au osha mto wa barakoa kwa sabuni isiyo kali, kwa maana jasho na mafuta ya uso ndiyo huufanya uvuje. Angalia chujio kila wiki. Likiwa jeusi, badilisha.

Pesa na subira

Kabla ya kulipa, uliza bima yako, iwe ya SHA au ya mwajiri, italipia nini: kipimo, mashine au barakoa. Pata jibu kwa maandishi. Mwulize muuzaji maswali matatu: Naweza kurudisha barakoa isiponitosha? Nani ataitengeneza mashine hapa Mombasa? Vipuri viko? Akisitasita, tafuta mwingine. Ikiwa fedha ni chache, bora mashine ya kawaida na barakoa inayokaa sawasawa kuliko mashine ya fahari na barakoa ya kubahatisha.

Usitarajie muujiza siku ya kwanza. Vaa barakoa ukiwa macho, ukisikiliza redio, hadi uso uizoee. Saa 4 kwa usiku ni kiwango cha chini tunachokitazama, lakini lengo ni usingizi wote. Wakati huohuo punguza uzito, lala ubavu, na uache pombe na dawa za usingizi, maana hulegeza koo zaidi.

Baba Khadija alipimwa. Pumzi zake zilikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Tulimwomba asiendeshe lori kwa muda, jambo lililomuuma kuliko maradhi, kwani siku bila safari ni siku bila mshahara. Alipata mashine ya kujirekebisha na barakoa ya matundu ya pua. Wiki ya kwanza aliilaani. Wiki ya sita alirudi, akakaa kitini nusu saa bila kusinzia, na presha yake ilikuwa imeanza kutii dawa.

Nikamgeukia mkewe na kumwuliza hali ya nyumbani.

"Sasa kumenyamaza, daktari," akasema. "Siku za mwanzo niliamka kumgusa kama yu hai. Siku hizi nami nalala."