Kwa nini kompyuta ya zahanati inakuuliza wewe ni nani?



Siku hizi taarifa nyingi za wagonjwa huandikwa kwenye kompyuta, si kwenye daftari peke yake. Vijana wengi wa kambini wanajifunza kompyuta, na baadhi yao husaidia kuingiza taarifa za chanjo, za kliniki ya wajawazito na za vipimo. Kila anayekaa mbele ya kompyuta hizo huulizwa mambo mawili: jina la mtumiaji na neno la siri. Wapo wanaoona kuwa huo ni usumbufu. Huandika neno la siri kwenye karatasi na kulibandika ukutani ili wote walitumie. Katika makala hii tunaeleza jinsi kompyuta inavyomtambua mtumiaji, na kwa nini jambo hilo linakuhusu hata kama hujawahi kugusa kompyuta.

Orodha iko ndani ya kompyuta yenyewe

Fikiria siku ya mgao. Jina lako liko kwenye orodha ya mtaa wako. Ukienda kupanga foleni mtaa mwingine, hata kama wote wanakufahamu, jina lako halipo na utarudishwa. Akaunti ya ndani ya kompyuta ni kama hivyo. Kila kompyuta ina orodha yake ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Ukifunguliwa akaunti kwenye kompyuta ya chumba cha chanjo, kompyuta ya maabara haina habari nawe.

Tuseme jina "mariamu" limeandikishwa kwenye kompyuta mbili. Hizo ni akaunti mbili tofauti. Akibadili neno la siri kwenye moja, la pili linabaki vilevile. Na akiacha kazi, ni lazima akaunti yake ifungwe kwenye kila kompyuta. Ikisahauliwa moja, mlango huo unabaki wazi.

Kuna njia nyingine, ambapo kompyuta zote huuliza kompyuta moja kubwa, yaani seva. Njia hiyo hurahisisha kazi, lakini inahitaji mtandao. Akaunti ya ndani hufanya kazi hata mtandao ukikatika, na ndiyo sababu inafaa mahali kama petu.

Kompyuta haihifadhi neno lako lenyewe

Zamani maneno ya siri yaliandikwa kwenye faili kama yalivyo. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT nchini Marekani, hitilafu ilifanya faili la maneno ya siri ya watumiaji wote lionekane kwa kila aliyeingia kwenye mfumo wa CTSS. Mambo kama hayo yalifundisha kwamba si salama kuhifadhi neno lenyewe.

Sasa kompyuta hulisaga neno lako kwa hesabu maalumu, kama mahindi yanavyosagwa mashineni. Inayohifadhiwa ni alama inayotokana na hesabu hiyo. Unga haurudi kuwa mahindi, na alama hiyo hairudi kuwa neno. Ukiingia kesho, kompyuta hulisaga tena neno uliloandika, kisha hulinganisha alama mbili. Zikifanana, unaingia.

Ndiyo maana ukisahau neno lako, msimamizi hawezi kukusomea lile la zamani. Anaweza tu kukuwekea jipya. Mtu akikuambia kuwa anahitaji neno lako ili "kutengeneza akaunti", usimpe. Msimamizi wa kweli halihitaji.

Windows, Linux na Mac: kazi moja, desturi tatu

Kompyuta zinazofika kambini si za aina moja. Programu kuu inayoiongoza kompyuta huitwa mfumo endeshi, na kila mfumo endeshi hutunza orodha yake kwa namna yake.

Kwenye Linux, majina ya watumiaji yako katika faili liitwalo /etc/passwd. Licha ya jina hilo, maneno ya siri hayamo humo siku hizi. Alama zake ziko katika faili la pili, /etc/shadow, ambalo msimamizi mkuu peke yake ndiye anayeruhusiwa kulisoma. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika jina la mtumiaji: "Mariamu" si "mariamu".

Kwenye Windows, orodha huitwa SAM, na huwezi kuifungua kwa njia ya kawaida wakati kompyuta inafanya kazi. Hapa "Mariamu" na "mariamu" ni mtu mmoja, lakini katika neno la siri herufi kubwa na ndogo bado ni tofauti.

Kwenye Mac, kila mtumiaji ana faili lake ndani ya hifadhi ya mfumo, na msimamizi ndiye mwenye ruhusa ya kuyaona mafaili hayo.

Linux na Mac huchanganya neno lako na herufi za kubahatisha kabla ya kulisaga. Wataalamu huziita chumvi. Kwa sababu ya chumvi, watu wawili wenye neno moja hupata alama tofauti. Akaunti za ndani za Windows hazitiwi chumvi katika alama hiyo. Kwa hiyo mwizi akiipata orodha, neno fupi kama "amani" au "12345" litajulikana mara moja. Neno refu ndilo kinga yako.

Programu ya kutunza taarifa za wagonjwa nayo inaweza kuutegemea mfumo endeshi badala ya kutunza orodha yake. Haifungui faili la alama. Humwuliza bawabu: "Je, mtu huyu ni yeye?" Kwenye Linux na Mac bawabu huyo anaweza kuwa PAM, utaratibu ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Windows ina bawabu wake. Bawabu hujibu ndiyo au hapana tu, na programu haiioni orodha kamwe.

Neno ni sahihi, lakini linakataliwa

Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulijifunza kwenye kibodi ya Kifaransa. Kompyuta nyingi za nchi jirani zina kibodi ya Kiingereza. Kwenye kibodi ya Kifaransa, A iko mahali pa Q, Z iko mahali pa W, na M iko kulia kwa L. Ikiwa kompyuta yenye kibodi ya Kiingereza imepangwa kwa Kifaransa, ukibonyeza herufi za "amani" itaandika "q,qni". Wewe unaona vitone tu, na bawabu anakukataa. Kabla ya kujaribu mara nyingi hadi akaunti ifungwe, angalia kama skrini inaonyesha FR au EN. Angalia pia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa.

Jambo hili linamhusu mgonjwa vipi?

Tuseme mama mmoja amepima virusi vya UKIMWI, na baada ya wiki majirani wanajua majibu yake. Kompyuta ikiwa na akaunti ya kila mfanyakazi, na programu ikiandika kila anayefungua faili, itajulikana ni akaunti gani ilifungua faili hilo, siku gani na saa ngapi. Lakini kama wafanyakazi kumi wanatumia akaunti moja, kompyuta itataja jina moja kwa wote kumi. Mwenye kosa hatajulikana, na wasio na kosa watashukiwa. Kompyuta haikujui kwa sura. Inaijua akaunti tu.

Mambo ya kuzingatia

Ikiwa unafanya kazi kwenye kompyuta:
- Tumia akaunti yako mwenyewe, na usimwazime mtu, hata rafiki.
- Chagua neno refu, kwa mfano maneno manne yasiyohusiana. Usitumie jina la mtoto wako wala namba ya kadi yako.
- Ukiinuka, hata kwa dakika moja, funga skrini. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.
- Mwenzako akiacha kazi, mkumbushe msimamizi afunge akaunti yake kwenye kila kompyuta.
- Fungia kompyuta kabatini usiku. Anayeiba diski anaweza kuisoma kwenye kompyuta nyingine bila kupita kwa bawabu, isipokuwa diski imefungwa kwa msimbo. Mwombe msimamizi aifunge hivyo.

Ikiwa wewe ni mgonjwa, una haki ya kuuliza ni nani anayeweza kuona taarifa zako. Ukiona neno la siri limebandikwa ukutani, mwambie kiongozi wa kituo au mhudumu wa afya wa mtaa wako. Kufanya hivyo si uchongezi. Unalinda siri yako na ya jirani yako.