Mbwa Mkubwa Nyumbani na Usalama wa Mtoto

Leo tuzungumze juu ya mbwa. Sisemi kibwa cha kubwekea wageni, nasema wale wakubwa kama Great Dane na Boerboel, wanaofikisha kilo 60 na zaidi. Hapa Kinoo wapo wanaowafuga kwa sababu ya wezi, na watoto huwapenda.

Wengi wao ni wapole. Hatari iko kwenye kimo. Mtoto wa miaka 3 akisimama mbele ya mbwa huyo, uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana watoto wadogo huumwa sana usoni, kichwani na shingoni. Hata asipouma, akigeuka kwa furaha tu humwangusha mtoto kwenye simiti. Basi usiwaache peke yao, hata ukienda kuanua nguo. Mtoto afundishwe kutomgusa mbwa akila, akilala au akinyonyesha. Nawe mwenye ploti, mbwa wa kufungiwa kutwa ndani ya kijumba cha mabati huwa mkali. Mtembeze.

Sasa lililo zito. Mama mmoja aliniletea mtoto siku ya nne baada ya kuumwa. Kidonda kilikuwa kidogo, mbwa ni wao wenyewe, na nyanya alikuwa amekipaka mafuta ya taa. Nikauliza kadi ya chanjo ya mbwa. Haikuwapo. Kichaa cha mbwa hakiulizi mbwa ni wa nani, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini mara nyingi dalili hukawia wiki kadhaa au miezi, na katika muda huo sindano huokoa. Yule mtoto alizimaliza zote, yuko shuleni.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na akiugua au akifa, ripoti upesi.

Mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, si mbali nasi. Mbwa wa kilo 60 hapandi matatu, kwa hivyo panga usafiri mapema. Kadi yake iweke pamoja na ile ya kliniki ya mtoto.