Mionzi, Dozi na Madhara: Istilahi za Chumba cha Eksirei

Miongoni mwa istilahi za utabibu ambazo bado hazijatulia katika lugha yetu, zile zinazohusu matumizi ya eksirei zastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kosa la neno katika chumba hicho si kosa la lugha peke yake. Mgonjwa asiyeelewa anachoambiwa huweza kukataa picha ambayo ingeokoa maisha yake, au kudai picha isiyomfaa. Na mama mwenye mimba changa huweza kunyamaza palipompasa kusema. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mionzi hiyo inavyofanya kazi mwilini, na papo hapo kuyapima maneno yanayotumika kuielezea.

Jina lenyewe halina matata. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba, 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, akaiita kwa herufi X, ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Wajerumani huiita kwa jina la mgunduzi. Sisi tumelipokea jina la Kiingereza na kulitamka eksirei. Hatuoni sababu ya kulibadili. Taabu imo katika maneno yanayolizunguka.

La kwanza ni mionzi. Neno hili hubeba mambo mawili ambayo sayansi huyatenga. Mnururisho ni kule kutolewa na kusafiri kwa nishati, iwe ni mwanga, joto au eksirei. Unururifu ni sifa ya madini kama radi na urani, ambayo atomu zake huvunjika zenyewe bila kuamrishwa na mtu. Mashine ya eksirei hutoa mnururisho, lakini si nururifu. Umeme ukikatwa, mionzi yakoma mara moja, kama mwanga wa taa unavyokoma. Kwa hiyo mtu aliyepigwa picha ya kifua hatoki na mionzi mwilini, hawezi kumwambukiza mwenziwe, na mama anaweza kumnyonyesha mtoto wake saa ile ile. Wanaosema kwamba mgonjwa “amebeba mionzi” wamechanganya istilahi hizo mbili.

Tena, kwa wagonjwa wengi “kupigwa mionzi” maana yake ni kutibiwa saratani. Mwambie mzee aliyekuja kwa kikohozi kwamba atapigwa mionzi, naye atarudi nyumbani kuaga jamaa zake. Twapendekeza tiba ya mionzi ibaki kwa matibabu, na picha ya eksirei kwa uchunguzi. Lakini neno picha nalo lina ila yake: linamfanya mtu aone kwamba jambo hili ni sawa na kwenda studio, na kwamba picha tano ni bora kuliko moja.

Neno lililotushughulisha zaidi ni dozi. Katika Kiswahili cha kila siku dozi ni dawa, na tena ni dawa ambayo mgonjwa huhimizwa aimalize. Kwa wataalamu wa mionzi, kinyume chake, ni kiasi cha nishati kilichomezwa na mwili, na kila kinavyopungua ndivyo inavyofaa, mradi picha isomeke. Wapo wanaopendelea kipimo, lakini hospitalini neno hilo limekwisha kupewa uchunguzi wa damu, choo na mkojo. Sisi twaona afadhali kusema kiasi cha mionzi mbele ya mgonjwa, na kuiacha dozi katika vitabu vya mafunzo. Kiasi hicho hupimwa kwa grei, yaani juli moja ya nishati katika kilo moja ya mwili. Na madhara yanayoweza kutokea hukadiriwa kwa sieverti. Picha moja ya kifua humpa mtu chini ya sehemu moja ya kumi ya milisieverti. Picha za tumbo kwa mashine ya CT huweza kufika milisieverti 10. Kwa kulinganisha, ardhi, hewa, chakula na anga humpa mwanadamu wastani wa milisieverti 2.4 kila mwaka, bila ya hospitali yoyote.

Sasa tuyatazame madhara. Mionzi hii ina nguvu za kung'oa elektroni katika atomu za mwili. Elektroni ikiisha kung'oka, DNA iliyomo katika kiini cha seli huweza kukatika, ama kwa kupigwa yenyewe au kwa kushambuliwa na vipande vikali vya molekuli za maji vilivyovunjwa na mionzi. Mara nyingi seli hujitengeneza. Pengine hufa. Pengine huishi na kasoro.

Seli nyingi zikifa kwa pamoja, dhara huonekana: ngozi huwa nyekundu, nywele hunyonyoka, lenzi ya jicho huingia ukungu. Haya hayatokei mpaka kiasi fulani kivukwe. Kwa wekundu wa ngozi ni kama grei 2, ambazo picha za kawaida hazizikaribii hata kidogo. Seli ikiishi na kasoro, saratani yaweza kuzuka baada ya miaka mingi. Hapo wingi wa mionzi hauongezi ukali wa ugonjwa, bali huongeza uwezekano wa kuupata. Na kwa tahadhari huchukuliwa kwamba hakuna kiasi kisicho na uwezekano huo kabisa, ingawa kwa picha moja ni mdogo mno.

Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, iliyoanzishwa mwaka 1928, imeyabadilisha majina ya kundi lile la kwanza zaidi ya mara moja, basi tusione haya kusitasita. Twapendekeza madhara ya kizingiti kwa kundi la kwanza, na madhara ya nasibu kwa la pili. “Madhara ya bahati” tumeyakataa. Nani atakayeiita saratani bahati?

Neno risasi nalo limezua mambo. Vazi la kinga hutengenezwa kwa madini ya risasi, na mgonjwa akiambiwa avae “aproni ya risasi” huuliza ni vita gani. Vazi la kinga latosha. Kwa mhudumu umbali nao ni kinga: akiuzidisha mara mbili kutoka chanzo, mionzi inayomfikia hupungua hadi robo.

Ukomo wa milisieverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, umewekwa kwa wafanyakazi. Wagonjwa hawakuwekewa ukomo. Kinga yao ni daktari kuwa na sababu ya kuagiza picha. Sababu hiyo twaiita uhalalisho, na hilo ni neno ambalo mgonjwa ana haki ya kuliulizia.

Limebaki tangazo la mlangoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Alice Stewart, daktari wa Uingereza, alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa mimba walikufa kwa saratani zaidi ya wenzao. Tangazo linalosema “Hatari! Mionzi!” humtisha kila mtu na halimwambii mama huyo afanye nini. Twapendekeza maneno haya, kwa herufi kubwa: “Mama, kama una mimba, au hujaona siku zako, mwambie mpiga picha kabla hujaingia.”